MAMA WA MIGATO KUACHWA NA BASI MPAKANI: HIVI MSHAMBA NI NANI HAPO?

Haya wadau, ubuyu wa wiki mmeshaumung'unya. Kile kiklipu cha mama anayelikimbiza basi pale mpakani Sirari, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, nyuma yake binti anaburuta kiroba huku analia, kimezunguka magrupu ya WhatsApp kuanzia Mwanza mpaka Dar. Aliyekiposti ni staa wa Bongo Fleva, jina kapuni, anajijua na wanaomfuata wanamjua. Juu ya klipu kaandika maneno matatu tu: "Washamba wakienda majuu." Halafu akapanga vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, kama vile kaokota embe chini ya mwarobaini.

Watu wakacheka. Tena wakacheka sana. Kuna aliyeandika kwamba kama Nairobi tu wanakimbizana na basi, wakipelekwa London si watamkimbiza dereva na jembe. Kuna aliyetaka kujua hicho kiroba kimebeba mahindi au kuku. Mwingine akasema Wasukuma wakae na ng'ombe wao, mambo ya mipaka wawaachie wenye mipaka. Na staa akawa anapita anaweka kopa kwenye kila komenti, anafurahi, maana wimbo wake mpya ulikuwa unatoka Ijumaa ile ile na kiki ilikuwa inahitajika.

Nusu dakika. Watu wamemhukumu binadamu mzima kwa nusu dakika ya siku iliyoanza saa 10 usiku na kuisha kesho yake alfajiri. Basi siku hiyo ielezwe yote kama ndugu wa karibu wa familia walivyoisimulia, halafu kila mtu acheke akiwa anajua anachocheka.

Mama huyo ni mkulima wa Migato, wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Wanaodhani Simiyu ni sehemu ya kupita tu kwenda Serengeti, huo ndio mkoa unaosifika nchi nzima kwa pamba, na mama huyu ni mmoja wa wanaoilima hiyo pamba kwa mgongo wake. Alimwahidi binti yake wa miaka 16 kwamba akifaulu vizuri kidato cha nne atampeleka Nairobi kwa mama mdogo, ambaye ameolewa huko na ndo kwanza kajifungua. Matokeo yakatoka, binti kapata divisheni wani. Ahadi ni deni. Hela ya pamba ilipopatikana, mama akaongeza mbuzi wawili, safari ikaiva. Baba akabaki na mifugo, akaandika barua ya kuridhia mtoto asafiri, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri.

Hapo ndo pa kuanzia. Huyo anayeitwa mshamba alikaa miezi kadhaa anafuatilia karatasi. Pasipoti ya Tanzania, hii ya kielektroniki iliyoanza Januari 2018, ni Sh150,000. Kwa staa hiyo ni hela ya sahani moja ya mishkaki na vinywaji vya meza ya jirani. Kwa mama wa Migato ni mbuzi. Akalipa ya kwake, mtoto akamchukulia hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu na inatosha kwa kwenda Kenya na kurudi. Kila kitu kihalali. Wangapi kati ya waliokuwa wanacheka kwenye komenti wana pasipoti? Wengine hawajawahi hata kuishika ya jirani.

Na kwa nini iwe pasipoti? Mama wa Kampala anavuka Busia na kitambulisho chake cha taifa mkononi, kwa sababu Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana hivyo toka 2014. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu nchi zilizokubaliana kufanya hivyo. Sisi Watanzania hatumo. NIDA unayo, umepigwa picha, umeacha alama za vidole vyote kumi, lakini ukifika Sirari hicho kitambulisho ni cha kumwonyesha muuza chipsi. Wenye nchi wana sababu zao za usalama na huenda zina mashiko, ila gharama yake wanaibeba watu wa aina ya huyu mama. Wanaopanda ndege hata hawajui kama kuna tofauti.

Sasa tiketi. Wakala mmoja pale Bariadi aliwauzia tiketi mbili za moja kwa moja mpaka Nairobi, wapandie Lamadi, basi linatoka Mwanza. Akachukua nauli. Kisha akadai hela nyingine juu, eti ya "kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya." Binti akauliza kibali gani. Akaambiwa wewe mtoto nyamaza, wakubwa wanaongea. Mama akatoa.

Ukweli wa hicho kibali ni kwamba kipo. Kenya waliacha viza wakaleta utaratibu wa kuomba kibali kwenye mtandao kuanzia Januari 2024. Lakini raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahusiki, Mtanzania haombi wala halipi. Binti alikuja kulisoma hilo kwenye simu yake wakiwa tayari wako kwenye gari la Lamadi, saa 11 alfajiri, hela imeshaliwa. Huo ndo mkosi wa kwanza wa safari, na mwenye kosa ni mtu wa mjini, mwenye ofisi, mwenye kompyuta na tai. Hakurekodiwa na mtu.

Walitoka Migato saa 10 usiku kwa bodaboda mbili hadi Bariadi. Baridi ya mwezi wa 6 kule wanaijua waliokulia kule. Kutoka Bariadi mpaka Lamadi ni lami, wakafika mapema, kabla ya saa 2 waliyoambiwa. Saa 2 ikapita. Saa 3. Simu ya wakala inaita haipokelewi, baadaye haipatikani kabisa. Lamadi ni njia panda, magari ya Mwanza, ya Musoma, ya Bariadi, watalii wanaokwenda kuingilia Serengeti lango la Ndabaka, wauza samaki wanakimbilia kila dirisha linalosimama. Ni sehemu nzuri ya kupita. Kukaa juani saa nne ukiwa na begi, kiroba na mtoto wa kike, huku kila mpiga debe anataka kukuhamishia kwenye gari lake, hiyo ni habari nyingine. Mama hakula kitu. Alimnunulia binti chapati na chai, yeye akasema ameshiba. Wanaowajua mama zao wanajua hiyo "nimeshiba" maana yake nini.

Basi lilifika saa 6 mchana. Hakuna pole, hakuna samahani, hakuna sababu. Abiria waliotoka nalo Mwanza ndo walionong'ona kwamba lilipasuka tairi na spea haikuwepo, ikabidi iletwe. Mama alipouliza watafika Nairobi saa ngapi, konda akamjibu, "Panda mama, acha maswali, kwani unaendesha wewe?" Mbele ya mtoto wake. Akapanda. Begi likatupwa kwenye buti, kiroba wakaingia nacho ndani.

Bunda likasimama nusu saa nzima likipakia mizigo ya mtu. Abiria wakilalamika dereva anawasha redio. Ila kuna sehemu moja ya siku hii iliyokuwa tamu. Pale daraja la Kirumi, juu ya mto Mara, binti alikuwa hajawahi kufika. Akatoa simu akarekodi mto, mafunjo, ndege weupe, akamgeuzia kamera mama yake, mama akajitanda khanga vizuri akacheka akasema "Mwangaluka!" wakati ni saa 8 mchana na hiyo ni salamu ya asubuhi, ndipo wakacheka wote wawili mpaka abiria wa nyuma wakacheka nao. Binti akaiweka kwenye status yake. Hiyo nayo ilikuwa video ya mama wa Migato anayekwenda majuu. Waliiona rafiki zake 23.

Sirari walifika saa 10 jioni imepita. Kwa wasiopajua, siku hizi pale ni kituo cha pamoja cha mpaka, maafisa wa Tanzania na wa Kenya wanakaa jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka dirisha hili na wa kuingia dirisha linalofuata. Zamani ulikuwa unapanga foleni Sirari, unatembea na mizigo, unapanga tena Isebania. Kwa hiyo kazi imerahisishwa, hilo lisemwe. Abiria wote walishuka na mizigo ya mkononi, basi likatangulia kwenda kusubiri upande wa pili.

Mama na binti wakafika dirishani. Afisa akatazama hati ya mtoto, akamtazama mtoto, akaomba cheti cha kuzaliwa na barua ya baba. Na hapa wenye midomo wasimrushie afisa mawe, maana alikuwa anafanya kitu cha maana kuliko wote siku ile. Watoto wa kike wanavushwa mipaka kila leo kwa ahadi za kazi za ndani. Afisa anayemsimamisha mtu mzima mwenye binti wa miaka 16 na kumuuliza "huyu ni nani yako" anastahili soda. Karatasi zote zilikuwepo. Zilikuwa kwenye begi. Begi lilikuwa kwenye buti.

Mama akatoka mbio kwenda kwenye basi. Akamwomba konda afungue buti dakika moja tu. Konda akasema buti halifunguliwi hapa, tumechelewa. Fikiria hilo neno, tumechelewa, linatoka kwa mtu aliyewaacha juani Lamadi saa nne! Mama akamweleza mtoto wake yuko dirishani. Konda akapiga bodi mara mbili. Basi likaondoka. Kuna abiria mmoja alipiga kelele kwamba kuna watu wamebaki, akajibiwa watapanda lingine. Tiketi yao ilikuwa imelipwa mpaka Nairobi, basi likaondoka na begi lao, karatasi zao na hela yao.

Hapo ndipo anapoingia staa. Alikuwa na gari lake, anasubiri karatasi za gari zikamilike, anaenda kupiga shoo. Kamwona mama anakimbia, ndala imekatika, anaita kwa Kisukuma kwa sababu mtu akibanwa anaita kwa lugha aliyonyonya nayo. Kamwona binti katoka dirishani na kiroba, analia, anaita "Mayu! Mayu!" Mtu mwenye gari. Gari lenye mafuta na nafasi ya nyuma tupu. Basi halijafika hata barabara kuu ya Isebania. Angepiga honi, angelifukuzia, angelizuia mbele kwa dakika mbili, begi lingepatikana, na hiyo ndo ingekuwa klipu ya mwaka, ingempa kiki mpaka Krismasi. Yeye akatoa simu akaishika kwa upana ili picha ienee vizuri.

Yaliyotokea baada ya nusu dakika ile hayapo kwenye klipu. Binti alifuta machozi akarudi dirishani. Akamwomba afisa dakika tano. Akampigia mwalimu wake wa Migato mwenye simu ya maana, mwalimu akapanda bodaboda mpaka nyumbani, baba akatoa nakala ya cheti iliyobaki sandukuni, ikapigwa picha ikatumwa, na baba mwenyewe akaongea na afisa kwa simu. Mtoto wa miaka 16, chaji asilimia 9, mama yake anatetemeka pembeni. Saa 1 usiku mihuri ikagongwa. Mama lishe mmoja wa pale alikuwa ameshawaweka kwenye benchi lake na chai ya maziwa na akakataa hela.

Wakaenda kubadilisha fedha. Wale vijana wa kubadili hela mpakani wanasifika kwa vidole, noti inakunjwa katikati unahesabiwa mara mbili. Binti akapiga hesabu kwenye simu, akahesabu noti moja moja mezani, akamwambia kaka rudia, hii umeihesabu mara mbili. Kaka akarudia, akacheka, akaongeza. Hawa ndo washamba.

Kutoka hapo matatu mpaka Migori, nyingine mpaka Kisii, na Kisii wakapata basi la usiku linalopita Narok. Nauli zote upya, na ile ya kwanza haijarudishwa mpaka leo. Ilikuwa Kisii, wakisubiri basi, ambapo simu ya binti iliyochajiwa kwenye kibanda cha miamala ilianza kulia mfululizo. Rafiki zake wa shule. Wa kwanza kauliza, "Huyu si mama yako?" Wa pili katuma vicheko tu. Wa tatu kamtumia klipu yenyewe, ikiwa imeshawekewa mdundo wa singeli. Mama akauliza kuna nini. Binti akasema hakuna, chaji tu. Kisha akaifuta ile video ya Kirumi.

Nairobi walifika alfajiri. Begi lilipatikana siku ya pili kwenye ofisi ya hilo basi, baada ya kudaiwa hela ya kulitunza. Cheti kilikuwepo, barua ilikuwepo, vitenge viwili vya mama mdogo havikuwepo. Kile kiroba ambacho watu walikuwa wanakisia kina kuku kilikuwa na michembe, matobolwa na karanga za mzazi. Mama mdogo aliyafungua akalia, miaka mitatu hajayaonja.

Sasa wapo wanaosema huo ni utani tu, Wasukuma wanataniwa kila siku na wao wanatania, mbona mnakuza mambo. Hii hoja isiachwe ipite kirahisi, kwa sababu utani ni kitu kikubwa kwetu na watu wanaotumia jina lake hovyo wanauchafua. Wasukuma na Wanyamwezi wana watani mpaka Pwani, enzi za misafara ya wapagazi walioshuka na pembe wakapokelewa na Wazaramo. Mtani anakuita mchafu, mlafi, anakunyang'anya kofia hadharani. Lakini mtani huyo huyo ukifiwa anakuja, anachimba kaburi, anapika, anachekesha wafiwa ili wale. Na wewe una haki ya kumrudishia palepale, neno kwa neno. Mama wa Migato amrudishie nani? Ana kitochi. Hana akaunti. Hajui hata kwamba anachekwa. Anayekutania akiwa anajua huna namna ya kumjibu, na ulipoanguka akakupita, huyo hana utani na wewe. Anakutumia.

Wapo pia wanaosema barabarani ni sehemu ya wazi, ukirekodiwa umerekodiwa. Haya. Yule binti ana miaka 16, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo na inapokea malalamiko. Sura ya mtu ni taarifa yake. Sura ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi. Staa akijitetea kwamba alirekodia upande wa Kenya, wenzetu wana ya kwao toka 2019, achague atakapopenda kujieleza. Kuiweka sura ya mtoto analia kwenye ukurasa wa watu mamilioni ili wimbo upande, kisha ukasema ni sehemu ya wazi, ni hoja ya mtu ambaye meneja wake hajamwambia ukweli siku nyingi.

Lakini achana na sheria. Kuna neno moja walilolicheka kuliko yote kwenye zile komenti, kwamba "mama anaongozwa na mtoto kama kipofu." Kwamba aibu ni mzazi kumtegemea mtoto kusoma, kuuliza, kuongea na afisa. Hivi hawa wamekulia wapi? Kwenye vijiji vyetu barua ikitoka kwa kaka aliyeko mgodini Geita, nani alikuwa anaisoma? Mtoto wa darasa la nne, amesimama katikati ya wazee, na bibi anamwambia rudia hapo pa hela. Nani anasoma maelekezo ya dawa ya pamba kwenye chupa? Nani anasoma meseji ya mzigo umepokelewa? Mzazi aliyejinyima akakupeleka shule ili usome ambacho yeye hakukisoma, siku ukimsomea ndo faida ya ada inaonekana. Staa mwenyewe mahojiano yake ya Kiingereza anamsukumia meneja ajibu. Hakuna aliyemwita kipofu.

Na anasahau nani anamlisha. Msimu wa pamba ukifunguliwa, mastaa wanajaa Kanda ya Ziwa kama kumbikumbi. Maswa, Bariadi, Magu, Lamadi, mabango kila mti. Wanajua mkulima kalipwa. Wanapanda jukwaani wanasema "Simiyu mko juu!", wanajaribu salamu ya Kisukuma wanaikosea na watu wanawapigia makofi ya huruma. Kiingilio ni ile ile hela ya pamba. Mama huyu huyu huenda alimpa binti buku tano ya kiingilio cha shoo yako, bwana mkubwa. Mshamba ni mteja mzuri akiwa amesimama mbele ya jukwaa, akisimama mbele ya kamera anakuwa kichekesho.

Aliyepaswa kusakamwa wiki hii yupo wazi. Ni wakala aliyeuza kibali ambacho hakihitajiki. Ni basi lililochelewa saa nne, likakataa kufungua buti, likaacha abiria wake mpakani usiku unaingia na mtoto wa kike. Konda angehesabu vichwa tu, kama mwalimu wa chekechea anavyohesabu watoto wakitoka uwanjani, hakuna ambacho kingetokea. LATRA ipo toka 2019 kwa kazi hizo, na kuna baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini kwa ajili ya abiria anayeonewa. Familia wanasema nakala za tiketi wanazo na wanajipanga kupeleka malalamiko. Zile komenti elfu kadhaa za vicheko, robo yake tu ingeuliza basi gani lile, kampuni ingeshajitokeza kuomba radhi. Hakuna aliyeuliza. Namba ya basi inaonekana kwenye klipu, kubwa kabisa, sekunde ya kumi na moja. Watu walikuwa wanaangalia ndala.

Kuna kipande kimoja cha safari ya kurudi ambacho wana ndugu wanakisimulia kwa raha. Mtu anayetoka Kenya akiingia Tanzania anatakiwa awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mama na binti walichanja mapema wakiwa bado nyumbani, maana kadi haihesabiwi mpaka zipite siku 10 toka sindano, na toka 2016 Shirika la Afya Duniani lilisema ukichanja mara moja ni ya maisha. Siku wanarudi, kwenye gari lao walikuwemo vijana wawili wa mjini, miwani, viatu vyeupe, wanaongea Kiingereza cha puani njia nzima. Kadi hawana. Wakawa wanahangaika na kishoka mmoja nje anayewauzia kadi ya haraka, hawajui hata kwamba ya leo haifai leo. Mama wa Migato akatoa mbili kwenye nailoni, zimenyooka, akaonyesha, akapita, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Na safari hii begi alilipakata.

Binti anaripoti kidato cha tano mwezi wa 7, shule ya mkoa mwingine. Kwa miaka yote mpango ulikuwa mama ndo ampeleke, na kitenge cha siku hiyo kilishashonwa. Wiki iliyopita binti alimpigia mjomba wake akamwomba ampeleke yeye. Hakutoa sababu. Mjomba hakuuliza, na yeye klipu kaiona. Mama anadhani ni kwa sababu ya nauli, kwa hiyo ameanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi wa tatu.

Mpaka jana saa 3 usiku klipu ilikuwa haijafutwa. Wimbo umetoka. Povu ruksa.